Chupa Mbili, Jina Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Asali ya Nyuki Wadogo Mbele ya Kiwango cha Asali

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wafugaji nyuki katika ukanda wa miyombo, magharibi mwa Tanzania. Jina la kikundi, kijiji, wilaya, mnunuzi na maabara nimeyaondoa, na majina ya watu sikuyaandika kabisa. Nilihusika kama mshauri wa ubora kwa miezi kumi na mmoja, na sehemu ya makosa yatakayosimuliwa hapa ni yangu.

Kikundi kilikuwa na aina mbili za mali. Ya kwanza ilikuwa asali ya nyuki wakubwa, yaani nyuki wanaouma, iliyorinwa kutoka mizinga ya magogo na michache ya kisasa. Ya pili ilikuwa asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambao hawajengi masega kama wenzao bali huhifadhi asali katika vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, kila kijungu kikiwa na ukubwa wa zabibu au kuzidi kidogo. Asali hiyo ya pili ni nyepesi, ina uchachu, na watu wa huko wanaithamini mno kwa kifua na vidonda. Kikundi kilikuwa kikiiuza kwa bei iliyokaribia mara tatu ya asali ya nyuki wakubwa, ingawa mavuno yake yalikuwa madogo sana.

Aina zote mbili zilitoka katika chupa zilezile, zenye lebo ileile, iliyotofautiana neno moja tu. Lebo ya nyuki wadogo ilisomeka hivi: «ASALI ASILIA 100%, NYUKI WADOGO. Inatibu kifua, vidonda vya tumbo, kisukari na upungufu wa nguvu za kiume. Inafaa kwa watoto wachanga. Ujazo: lita 1 (kilo 1)». Haikuwa na tarehe ya kufungasha, namba ya toleo, wala maelekezo ya kuhifadhi.

Kiwango kinavyosema

Kabla ya kusimulia yaliyotokea ni lazima msomaji ajue neno «asali» linabeba nini kisheria, kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya neno hilo. Kiwango cha kimataifa cha Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula) kuhusu asali, CXS 12 cha mwaka 1981, kilichofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2001, kinaitafsiri asali kuwa ni kitu kitamu cha asili kinachotengenezwa na nyuki wa asali kutokana na mbochi wa maua, au majimaji ya sehemu hai za mimea, au majimaji yatolewayo na wadudu wanaofyonza mimea, ambacho nyuki hukikusanya, hukibadilisha kwa kukichanganya na vitu vyao wenyewe, hukipunguza maji, kisha hukihifadhi ndani ya sega hadi kiive. Kwa hiyo tafsiri inataja mtengenezaji, chanzo, namna ya kubadilishwa na mahali pa kuivia, na bidhaa inayokosa kimojawapo inasimama nje ya mlango hata kabla ya kupimwa.

Baada ya tafsiri ndipo zinakuja namba. Maji yasizidi asilimia 20, isipokuwa kwa asali ya maua ya aina ya heather inayoruhusiwa hadi 23. Fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 katika gramu 100 kwa asali ya maua. Sukrosi kwa kawaida isizidi gramu 5. Tindikali huru isizidi miliekwivalenti 50 kwa kilo. Kimeng'enya cha diastasi kisipungue vipimo 8 vya Schade. Kiambata kiitwacho HMF, ambacho huongezeka asali inapopashwa moto au kukaa muda mrefu kwenye joto, kisizidi miligramu 40 kwa kilo, lakini asali iliyotajwa kuwa imetoka nchi za tropiki inaruhusiwa hadi 80. Vitu visivyoyeyuka katika maji visizidi gramu 0.1 katika gramu 100, na kwa asali iliyokamuliwa gramu 0.5. Tena kiwango kinakataza kuongeza chochote, kuondoa chochote kilicho sehemu ya asali, au kuipasha moto kiasi cha kubadilisha asili yake.

Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 36, kinafuata mkondo huohuo. Kwa Tanzania, alama ya ubora hutolewa na Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 limebeba pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Umoja wa Ulaya umekaza zaidi: Maelekezo yake Na. 2001/110/EC yanamtaja nyuki kwa jina lake la kisayansi, Apis mellifera, na hakuna mwingine.

Mfuatano wa matukio

Kikundi kilipeleka sampuli mbili maabara kwa ajili ya kuomba alama ya ubora. Wakati huohuo mnunuzi wa Ulaya, aliyeonja asali ya nyuki wadogo katika maonyesho, alikuwa ameomba cheti cha uchunguzi wa aina zote mbili.

Majibu ya asali ya nyuki wakubwa yalikuwa mazuri karibu yote: maji asilimia 18.1, HMF miligramu 12, tindikali 24. Kasoro ilikuwa moja, vitu visivyoyeyuka vilifika gramu 0.3, na maabara ikaandika kuwa haikukidhi. Asali ya nyuki wadogo ilianguka katika mistari minne: maji asilimia 28.4, tindikali 71, diastasi chini ya 3, na jumla ya fruktosi na glukosi gramu 48 tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliangalia ile 28.4 nikajiambia kwamba hii ama imerinwa mbichi, ama imetiwa maji. Nilikwenda kijijini na swali hilo mdomoni, nikaliuliza mbele ya wanachama wote, chini ya mwembe wa ofisi. Mzee aliyekuwa mlezi wa mizinga ya nyuki wadogo alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, «Mwanangu, sisi asali hatuiongezi maji. Twende ukaone». Mama Mwenyekiti hakusema neno, ila ilidhihirika kwamba nimewavunjia heshima.

Tukaenda. Mzee alifungua kipande cha gogo, akachagua kijungu kilichofunikwa kabisa, akakitoboa kwa ncha ya bomba la sindano isiyo na sindano, akavuta asali taratibu, kisha akaniwekea tone moja juu ya kioo cha kipimo cha mkononi cha maji na sukari. Nilikielekeza kwenye mwanga. Mstari wa kivuli haukuonekana kabisa kwenye safu ya maji, kwa sababu kipimo kile kilitengenezwa kwa asali ya nyuki wakubwa na safu yake iliishia asilimia 27. Ulionekana kwenye safu ya pili ya sukari tu, kwenye 70, maana yake maji yalikuwa yamevuka 27. Tulirudia kwa vijungu sita, kutoka magogo matatu. Hakuna hata kimoja kilichoingia ndani ya safu ya maji. Nilimwomba mzee radhi palepale, na baadaye nikamwomba tena mbele ya kikundi.

Wakati sisi tukiwa msituni, kijana mmoja wa kikundi, mwenye bidii na nia njema, alikuwa amekwisha jaribu tiba yake. Alikuwa amesoma kwenye karatasi ya majibu kwamba tatizo ni maji, akachukua lita 10, akaziweka katika sufuria ndani ya sufuria nyingine ya maji yanayochemka, akakoroga mchana kutwa. Maji yalishuka hadi asilimia 22. Lakini rangi ilikolea kama ya chai ya rangi, harufu ya maua ikapotea, na sampuli tuliyoipeleka maabara ilirudi na HMF ya miligramu 96. Huo ulikuwa mpaka wa tropiki umevukwa. Sababu yake inaeleweka: HMF huzaliwa sukari inapopoteza maji kwenye joto, na tindikali huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo asali yenye uchachu mwingi huharibika kwa moto upesi kuliko nyingine.

Juma lililofuata mfanyabiashara wa mjini alipendekeza njia nyingine: kuchanganya. Asali ya nyuki wadogo ichanganywe na ya nyuki wakubwa mpaka maji yafike asilimia 20, chupa ipewe jina la nyuki wadogo na bei yake. Wapo waliolikubali wazo hilo, maana msimu ulikuwa mbaya na ada za maabara zilikuwa zimelipwa kwa michango.

Uamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukataa kuchanganya, na tuliufikia kwa hesabu iliyoandikwa ubaoni. Asali yenye maji 28.4 ikichanganywa na yenye maji 18.1, ili mchanganyiko ufike 20, katika kila kilo 10 asali ya nyuki wadogo haiwezi kufika kilo 2. Chupa ingeitwa ya nyuki wadogo huku zaidi ya robo tatu yake ni ya nyuki wakubwa. Mama Mwenyekiti aliitazama ile hesabu akasema, «Huyu mteja tutamwambia nini siku akiuliza?» Hakuna aliyejibu, na mjadala ukaisha. Kwangu mimi huo ndio uamuzi muhimu kuliko yote katika kisa hiki, na ulifanywa na wao wenyewe, si mshauri.

Uamuzi wa pili ulihusu ile kasoro ya asali ya nyuki wakubwa. Nilipouliza inavyotolewa kwenye masega, nilielezwa kwamba masega hupondwa na kukamuliwa kwa kitambaa kizito, hayazungushwi kwa mashine. Fomu ya maabara ilikuwa na nafasi ya kutaja namna ya utoaji, na kikundi kiliiacha tupu. Asali iliyokamuliwa ina mpaka wake wa gramu 0.5, na 0.3 iko ndani. Tuliwasilisha sampuli upya, nafasi ile ikiwa imejazwa, na lebo ikaandikwa «asali iliyokamuliwa». Hatukubadilisha kitu chochote ndani ya chupa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutenganisha kabisa bidhaa hizi mbili: ndoo, chujio, chupa, daftari na lebo. Ombi la alama likaendelea kwa asali ya nyuki wakubwa peke yake. Kwa nyuki wadogo tuliandika barua kwa mamlaka tukieleza kwamba bidhaa hii hatuiombei kupimwa kwa kiwango cha asali, bali tunaomba mwongozo wa bidhaa isiyo na kiwango chake, na tukaambatisha maelezo yetu ya namna inavyozalishwa. Mnunuzi wa Ulaya tulimwandikia ukweli kwamba chupa ile haiwezi kuuzwa kwake kwa jina la asali. Alishukuru, akaondoa oda ya nyuki wadogo, akabaki na ya nyuki wakubwa kwa kiasi kidogo.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa lebo, na huu ulichukua vikao vingi kuliko yote. Maneno ya tiba yaliondolewa yote. Miongozo ya Codex kuhusu madai ya vyakula, CXG 1 ya mwaka 1979, inakataza kudai kwamba chakula kinakinga au kinatibu ugonjwa, na kumwambia mwenye kisukari kwamba chupa ya sukari itamtibu ni kumweka hatarini. Maneno «inafaa kwa watoto wachanga» yalifutwa siku ileile niliyoyaona, bila kusubiri kikao, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum ambazo tumbo la mtoto wa chini ya miezi 12 haliwezi kuzizuia zisikue na kutoa sumu. Mahali pake tuliandika onyo kwamba asiyefikisha mwaka asipewe. Mama mmoja alisema yeye wanawe wote aliwaonjesha asali na wakakua. Nilimjibu kwamba ni kweli wengi hawadhuriki, ila anayedhurika huenda akaacha kupumua, na sisi hatutamjua kabla.

Ujazo nao ulihitaji kusahihishwa. Lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4, kwa hiyo «lita 1 (kilo 1)» haiwezi kuwa kweli kwa pande zote mbili. Kikundi kilichagua uzito, kikanunua mizani, na bei ikapangwa upya kwa kilo.

Matokeo

Asali ya nyuki wakubwa ilipata alama ya ubora katika jaribio la pili. Zile lita 10 zilizochemshwa hazikuuzwa kama asali ya mezani. Zilitumika katika kutengeneza visheti na kashata za kikundi cha akina mama, ambako ziliandikwa kama kiungo.

Asali ya nyuki wadogo haikupata alama, na hadi ninapoandika haya barua ya kuomba mwongozo haijajibiwa kwa maamuzi ya mwisho. Mauzo yake yalishuka kwa miezi minne ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya wateja walidhani kuondolewa kwa maneno ya tiba kumeifanya dawa isiwe dawa. Chupa tatu zilirudishwa pia kwa kufura: kifuniko kilipofunguliwa kilitoa gesi na povu likapanda hadi shingoni. Uchachushaji huo ulikuwa wa kutarajiwa kwa bidhaa yenye maji kiasi kile, na sisi tulikuwa tumesahau kuandika kwamba ihifadhiwe kwenye baridi.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi ni kurudi kwenye tafsiri kabla ya kubishana na namba. Karatasi ya maabara ilisema «haikukidhi», na neno hilo lilisomwa na kila mtu kuwa «mbovu». Lakini kutokukidhi kiwango cha bidhaa nyingine hakuwezi kuwa ubovu, kama vile maziwa ya mbuzi hayawi mabovu kwa kutolingana na vipimo vya maziwa ya ng'ombe. Nyuki wasiouma hawatumii sega, hawapunguzi maji hadi asilimia 18, na hata sukari zao ni tofauti: mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba asali za baadhi ya nyuki wasiouma wa Australia na Malaysia zina kwa wingi sukari iitwayo trehalulosi, ambayo awali maabara zilikuwa zikiisoma kama maltosi. Ukipima fruktosi na glukosi peke yake katika asali ya namna hiyo, utakuta pengo, na pengo hilo litakufanya umshuku mfugaji.

Nilichoshindwa mimi ni kwamba nilimshuku mtu kabla ya kumshuku kipimo. Sampuli inapotoka nje ya mpaka katika mistari minne kwa pamoja, maji yaliyoongezwa ni maelezo dhaifu. Maji yangepunguza tindikali, yasingeipandisha hadi 71. Ushahidi huo ulikuwa kwenye karatasi ileile niliyoishika mkononi, na ningeusoma vizuri kabla ya kupanda basi, mzee yule asingelazimika kujitetea mbele ya watu wake.

Kosa la kijana aliyechemsha lina mizizi mirefu kuliko haraka yake. Alifundishwa, kama wafugaji wengi walivyofundishwa katika semina, kwamba asali nzuri ina maji chini ya 20, bila kuelezwa kwamba namba hiyo ni ya nyuki gani. Mafunzo yanayotoa namba bila tafsiri yanamwandaa mtu kuharibu mali yake kwa bidii.

Wapo waliosema kwangu kwamba suluhisho ni kulegeza kiwango, maji yaruhusiwe hadi asilimia 30 au 35 kwa asali zote ili nyuki wadogo waingie. Sikubaliani nao hata kidogo. Mpaka wa asilimia 20 ndio unaomlinda mlaji dhidi ya asali iliyochachuka na dhidi ya muuzaji anayemimina maji kwenye ndoo nyuma ya duka. Ukiupandisha kwa wote, anayenufaika wa kwanza ni huyo wa nyuma ya duka. Njia sahihi ni kiwango tofauti chenye jina tofauti. Malaysia ilifanya hivyo mwaka 2017 kwa kiwango chake MS 2683, kinachoruhusu maji hadi asilimia 35 kwa asali ya nyuki wasiouma, lakini kikabana HMF isizidi miligramu 30, kwa hiyo anayechemsha hapati pa kujificha. Argentina nayo iliingiza asali ya aina mojawapo ya nyuki wasiouma katika kanuni zake za chakula mwaka 2019. Nchi zetu zina nyuki hawa kuanzia misitu ya Kakamega hadi miyombo ya Tanzania, na wafugaji wanaowajua kwa undani. Kinachokosekana ni takwimu za vipimo zilizokusanywa kwa utaratibu, ambazo kamati yoyote ya viwango itazihitaji kabla haijaandika mstari mmoja.

Kwa hiyo kikundi kimeanza kuzikusanya. Mzee ana daftari la karatasi za mistari ambamo kila urinaji unaandikwa: namba ya gogo, aina ya mti uliokuwa na maua, tarehe, kipimo cha sukari na cha maji kwa kifaa kipya chenye safu ndefu zaidi, na kama vijungu vilikuwa vimefunikwa vyote au nusu. Kurasa za kiangazi zinaonyesha maji asilimia 26 hadi 28. Kurasa zilizofuata mvua za kwanza zinapanda hadi 31. Katika rasimu ya maelezo ya bidhaa tuliyoiambatisha upya kwenye barua, katibu alikuwa ameandika ukomo wa asilimia 30. Mzee alimfungulia ukurasa wa Desemba, akaweka kidole chini ya 31, na katibu akafuta, akaandika 32.